Saa Mpya ya Thamani Imeonyesha Kasoro: Mwongozo Kamili wa Kuirudisha kwa Muuzaji Mombasa

Mtu ananunua saa ya laki tatu. Wiki haijaisha, saa inakimbia dakika nzima kwa siku, au kioo kinaingia ukungu kwa ndani, au mshale wa sekunde unasimama wenyewe. Anairudisha dukani, anapokewa vizuri, anakaribishwa kiti na kahawa, kisha anatoka na kikaratasi cha matengenezo. Huenda hakuna aliyemdanganya. Lakini aliingia akiwa mnunuzi anayekataa bidhaa mbovu, ametoka akiwa mteja anayemsubiri fundi, na kusubiri huko kwaweza kula miezi.

Haya mawili hayafanani hata kidogo. Kurudisha maana yake unadai pesa zako au saa nyingine mpya. Kutengenezewa ni kukubali kwamba saa hiyo ni yako, na kinachobaki ni kuirekebisha. Siku za mwanzo haki ya kurudisha ina nguvu. Kadiri muda unavyopita ukiwa kimya, inapungua. Kwa hiyo fuata hatua hizi upesi na kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Ivue, na usiipeleke kwa fundi

Siku unayoona kasoro ndiyo siku ya kuacha kuivaa. Kila mkwaruzo mpya utakuwa hoja dhidi yako. Pingili za mkanda zilizotolewa ili ikukae vizuri, ziweke pamoja na pini zake. Plastiki ya kiwandani kama bado iko mgongoni mwa saa, iache ilivyo.

Mombasa tuna mafundi saa hodari, na saa iliyomaliza waranti ningewapelekea bila wasiwasi. Saa ya wiki moja ni habari nyingine. Kufungua kifuniko cha nyuma huacha alama ndogo ambazo fundi wa kampuni huziona mara tu akiweka lenzi machoni, na saa iliyofunguliwa na mtu asiyeidhinishwa kwa kawaida hupoteza waranti. Hata kama jirani yako ni fundi na anataka "kuchungulia tu", mkatalie kwa upole.

Jambo moja tu halingojei: maji. Ukiona ukungu au tone ndani ya kioo, kaza kifungo cha pembeni na uende dukani siku hiyo hiyo. Maji ya chumvi yakigusa chuma cha mashine, kutu huanza mapema, na kesho muuzaji ataonyesha kutu badala ya kasoro.

Hatua ya 2: Hakikisha ni kasoro kweli

Hapa ndipo watu wengi wanapoaibika kaunta, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na mwendo wa saa. Saa ya mashine (inayoendeshwa na springi, si betri), hata ya bei kubwa namna gani, haiwezi kulingana na simu sekunde kwa sekunde. Swali ni kampuni yenyewe imeahidi nini. Saa yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, mashine yake imepimwa kwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, na kwa wastani inaruhusiwa kupoteza hadi sekunde 4 au kuzidi hadi sekunde 6 kwa siku. Rolex huahidi sekunde 2 kupungua au kuzidi. Saa za Omega zenye cheti cha usahihi kiitwacho Master Chronometer hazitakiwi kupoteza hata sekunde moja, na zinaweza kuzidi hadi 5. Kwa upande mwingine, mashine ya Seiko 4R36, iliyomo katika saa nyingi za Seiko 5, imeruhusiwa na kampuni kuzidi hadi sekunde 45 au kupungua hadi 35. Kwa hiyo sekunde 20 kwa siku ni kasoro kwenye Rolex, ilhali kwenye Seiko 5 ni hali ya kawaida. Tafuta kijitabu cha saa yako ujue mpaka wake kabla hujamlaumu mtu.

Kuipima ni rahisi. Ijaze kwanza: kama mashine yako inaruhusu kujazwa kwa mkono, zungusha kifungo cha pembeni mara 30 hivi. Ilinganishe na saa ya simu, kisha kila asubuhi, wakati ule ule, andika imezidi au imepungua sekunde ngapi. Siku tatu zinatosha kuonyesha mwelekeo. Iache mahali salama nyumbani wakati wa kipimo, ila ujue ya otomatiki isiyovaliwa itahitaji kujazwa kila siku.

Kusimama nako kuna maelezo yake. Saa ya otomatiki hujijaza kwa mwendo wa mkono. Ukiivua Ijumaa na kuiacha kabatini hadi Jumatatu, nyingi zitakuwa zimesimama, kwani akiba ya nguvu ya mashine nyingi hudumu kati ya saa 38 na 80. Hiyo si kasoro. Kasoro ni kusimama ikiwa imejazwa, au ikiwa mkononi mwa mtu anayetembea siku nzima. Kwa saa ya betri, mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili mbili au nne nne, mara nyingi ni ishara kwamba betri imekaribia kwisha. Hilo duka linapaswa kulimaliza pale pale kwa saa uliyonunua juzi, na si sababu ya kudai pesa zote.

Saa iliyoanza ghafla kukimbia dakika nzima au zaidi kwa siku, ishuku sumaku. Pochi za kina mama zenye kufuli la sumaku, vifuniko vya simu, spika, vyote vinaweza kuzifanya duru za springi nyembamba ya ndani zishikane, na mwendo ukawa wa kasi. Duka lenye vifaa huiondoa sumaku hiyo kwa dakika chache. Waombe wafanye hivyo mbele yako, kisha waiweke kwenye mashine ya kupimia mwendo. Ikirudi sawa, umekwisha kazi. Isiporudi, umepata ushahidi kutoka kwa duka lenyewe.

Tarehe huwatatiza wengi. Ikibadilika saa sita mchana badala ya saa sita usiku, saa haina ubovu: imetegwa ikiwa imepishana kwa nusu siku. Sogeza mishale mbele duru moja kamili ya saa kumi na mbili. Na usibadilishe tarehe kwa kifungo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwani katika mashine nyingi meno ya tarehe huwa yameshikana wakati huo na unaweza kuyavunja. Muuzaji mzoefu atakuuliza juu ya hilo.

Ukungu, hasa kwa hali ya hewa yetu, utazame vizuri. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia joto la Digo Road, kioo chaweza kupata mvuke kwa nje, ukipangusa, unatoka. Usiotoka kwa kupangusa uko ndani, na kwa saa mpya inayodaiwa kuzuia maji hilo ni jambo zito, mradi kifungo cha pembeni kilikuwa kimefungwa. Soma pia maandishi ya mgongoni. Mita 30 inamaanisha kuhimili kunawa mikono na manyunyu, haimaanishi kupiga mbizi. Kwa kuogelea pale Nyali au Bamburi utahitaji walau mita 100. Ikiwa ulizama baharini na saa ya mita 30, sema ukweli. Mashine ikifunguliwa chumvi itaonekana.

Mengine hayana mjadala: vumbi au unywele ndani ya kioo, alama ya saa iliyopinda, pete ya nje isiyolingana na uso, mshale wa kronografu (kipima muda kilichomo ndani ya saa) usiorudi kwenye sifuri ukibonyeza, kifungo kisichofungika, kufuli la mkanda linalofunguka lenyewe.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi na picha kabla hujatoka nyumbani

Unahitaji risiti. Duka linalofuata sheria hutoa risiti ya eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kodi za kielektroniki), yenye msimbo wa kuskani, na hiyo inathibitisha muuzaji, tarehe na bei bila ubishi. Kama ulipewa kikaratasi cha mkono tu, rudi uombe ya eTIMS kabla ya kutaja kasoro. Ukishaitaja, watu hubadilika.

Ongeza ujumbe wa M-Pesa au taarifa ya benki. M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo saa ya laki nne huenda uliilipia mara mbili. Tafuta jumbe zote. Kadi ya waranti ikague: ina jina la duka, muhuri, tarehe uliyonunua, na nambari inayolingana na ile iliyochongwa kwenye saa? Kadi isiyojazwa ni dalili kwamba saa haikupitia kwa wakala rasmi, na huenda kampuni ikaikataa. Orodha ya mawakala walioidhinishwa ipo kwenye tovuti ya kila kampuni kubwa. Tazama duka lako limo au la.

Kisha piga picha za pande zote, mwanga wa kutosha, pamoja na nambari ya saa. Video ni bora zaidi kwa kasoro inayokuja na kuondoka: weka saa kando ya simu nyingine inayoonyesha wakati, urekodi. Hifadhi pia mazungumzo ya WhatsApp na muuzaji, hasa pale alipokuhakikishia jambo, mfano "hii ni mpya kabisa" au "ina waranti ya miaka mitano".

Hatua ya 4: Jua sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Chini yake kuna sheria mbili utakazozitaja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mfanyabiashara akikuuzia bidhaa ya aina anayoiuza kila siku, kuna sharti lisiloandikwa kwamba bidhaa hiyo ni ya ubora unaofaa kuuzwa. Sharti hilo likivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaongeza kwamba maneno yoyote yanayokusudia kufuta sharti hilo ni batili. Kwa hiyo lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" linaweza kukuzuia usirudishe saa kwa kuwa umechoshwa na rangi yake. Halikuzuii kurudisha saa mbovu.

Kuna mipaka miwili, na ni muhimu uijue kuliko hata haki yenyewe.

Wa kwanza: kama uliikagua saa dukani, sheria haikulindi kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Mkwaruzo mkubwa kwenye kifuniko ulipaswa kuuona. Mashine inayosimama usiku wa tatu hukuweza kuijua. Ndiyo maana nashauri kila mtu aitazame saa kwenye mwanga wa mlangoni kabla ya kulipa, asiridhike na taa za kabati.

Wa pili: ukikaa nayo muda unaozidi kiasi bila kusema umeikataa, unahesabiwa umeikubali. Sheria haitaji siku ngapi, hutegemea hali. Ukiikubali, bado unaweza kudai fidia au matengenezo, ila kudai pesa zote kunakuwa kugumu. Saa iliyovaliwa siku tano na kurudishwa ya sita ina kesi nzuri. Iliyovaliwa miezi minne huku ukisema "nitaenda mwisho wa mwezi" haina.

Waranti ya kampuni ni kitu cha ziada juu ya haki hizi. Rolex, Omega na Tudor hutoa miaka mitano, kampuni nyingine nyingi miwili. Kwa kawaida waranti huahidi kutengeneza, na kampuni ndiyo huamua kama itabadilisha. Muuzaji atapenda mzungumze waranti tu. Wewe rudisha mazungumzo kwenye mauzo: aliyekuuzia ni yeye, na pesa alipokea yeye.

Hatua ya 5: Nenda dukani

Nenda asubuhi siku ya kazi, meneja akiwepo. Jumamosi jioni utamkuta kijana wa mauzo asiye na mamlaka, na kumgombeza yeye ni kumwonea. Vaa utulivu. Sauti ikipanda, kila mtu huanza kulinda heshima yake, na saa inasahaulika.

Sema jambo moja, liwe wazi: "Salaam aleikum, kaka. Saa hii nilinunua kwenu Jumatano iliyopita, risiti hii hapa. Inasimama ikiwa imejaa, na video ninayo. Sikuja kutengenezewa. Naikataa, naomba nibadilishiwe au nirudishiwe pesa zangu."

Kisha nyamaza. Waache waikague, lakini mbele yako, na bila kuifungua. Kama wanayo mashine ya kupimia mwendo, omba namba zinazotokea na upige picha ya skrini yake. Mbali na sekunde kwa siku, mashine hiyo huonyesha upana wa mzunguko wa gurudumu la ndani kwa nyuzi. Saa mpya iliyojaa kwa kawaida huwa karibu na nyuzi 270 hadi 310, na ikianguka chini ya 220 kuna tatizo hata kama mwendo unaonekana sawa.

Wakikupa karatasi ya kutia sahihi, isome. Ikiwa ni fomu ya matengenezo, iandikie kwa kalamu: "Mteja ameikataa saa. Imepokelewa kwa ukaguzi tu, hakuidhinisha matengenezo." Wasipokubali maneno hayo, usiiache. Sheria haikulazimishi kuikabidhi saa uliyoikataa. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umeikataa. Ukiiacha, pata hati ya makabidhiano yenye jina la aliyepokea, nambari ya saa, orodha ya vilivyomo hadi boksi na pingili, hali ya kioo na kifuniko, tarehe na muhuri.

Hatua ya 6: Andika barua siku hiyo hiyo

Hata kama mmeelewana kwa mdomo. Itume kwa baruapepe na WhatsApp, na nakala moja igongwe muhuri dukani. Haihitaji ufundi:

"Kwa Meneja. Tarehe ___ nilinunua dukani kwenu saa aina ya ___, nambari ___, kwa shilingi ___, risiti nambari ___. Tarehe ___ niligundua kasoro hii: ___. Saa haijaanguka, haijafunguliwa na haijatumika nje ya maelekezo ya kampuni. Kwa kuwa haina ubora unaofaa kuuzwa, naikataa na naomba nirudishiwe fedha zote, au nipewe nyingine mpya ya aina ile ile, ndani ya siku 14. Sijaidhinisha matengenezo. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi."

Ukiandika "haijaanguka", iwe haijaanguka. Sentensi moja ya uongo ikijulikana inaua barua nzima.

Hatua ya 7: Wakisema lazima ipelekwe nje

Jibu hili utalisikia sana, kwa sababu kampuni nyingi hazina karakana yao hapa. Kuna wakati kulikubali ni busara: saa ni adimu, hakuna nyingine, kasoro ni ndogo na wewe unaipenda. Hapo kubali kwa masharti yaliyoandikwa: nani analipia usafiri na bima, itarudi lini, na kwamba isiporudi kwa tarehe hiyo au ikirudi na kasoro ile ile, pesa zinarudi.

Mkanda wa ngozi ya mamba utoe ubaki nao. Ngozi hiyo iko chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na bila kibali inaweza kuzuiwa mpakani pamoja na saa yako. Karatasi za forodha pia zishughulikiwe na duka kabla saa haijaondoka nchini, zionyeshe inatoka kwa matengenezo, ili ikirudi isitozwe ushuru kana kwamba ni bidhaa mpya.

Hatua ya 8: Wakikataa

Kama ulilipa kwa kadi, iambie benki yako mara moja kwamba unapinga malipo kwa bidhaa yenye kasoro. Nafasi hiyo ina mwisho, kwa hiyo usingoje majadiliano ya duka yaishe.

Ikiwa muuzaji alikuambia jambo lisilo kweli, mfano saa iliyokwisha kutumika ikauzwa kama mpya, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ukishuku saa ni bandia, mambo yanageuka: usiirudishe dukani kwanza, maana ukiitoa umetoa ushahidi. Ipeleke kwa wakala rasmi wa kampuni ikaguliwe, upate maandishi, kisha uende kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia.

Kwa pesa zenyewe, njia ninayoiamini ni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mombasa ipo. Unaweza kujisimamia bila wakili na kuzungumza Kiswahili. Utakachopeleka ni yale yale uliyokusanya hatua ya tatu: risiti, picha, namba za mwendo, barua na jibu lao, au ukimya wao. Saa inayozidi milioni ni ya mahakama ya hakimu ya kawaida, na hapo tafuta wakili.

Kwa saa iliyonunuliwa Dubai, kama wengi wetu tufanyavyo, mahakama za hapa hazitakusaidia sana dhidi ya duka la kule. Tegemea waranti ya kimataifa ya kampuni, na umwandikie muuzaji kabla hujamtafuta mtu wa kukurudishia.

Ukipata saa nyingine

Usifurahi ukaondoka. Rudia ukaguzi wote mlangoni, kwenye mwanga. Linganisha nambari ya saa mpya na kadi mpya ya waranti. Kadi ya zamani haifai kwa saa hii. Tarehe ya waranti ianze leo. Omba risiti ya eTIMS irekebishwe ionyeshe mabadilishano. Na ikiwa umerudishiwa pesa, kiasi kiwe kamili kama kilivyo kwenye risiti, kwa njia inayoacha rekodi. Usitie sahihi "nimepokea" kabla ujumbe wa M-Pesa au wa benki haujaingia kwenye simu yako.